Kula Samaki Nje Mwanza: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yetu

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu samaki wa mgahawani: ubichi wake, bei yake na namna anavyohudumiwa mezani. Tumechagua tano.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Niliagiza sato wa kukaanga kwenye mgahawa mmoja ulio kando ya ziwa. Akaja ndani ya dakika tano, ngozi ngumu, nyama kavu imeng'ang'ania mifupa. Mhudumu alisisitiza kwamba ndiyo kwanza ametoka kwenye karai. Nitajuaje ukweli? *Msomaji, Nyegezi*

JIBU: Ndugu yetu, piga hesabu. Kumparua magamba, kumtoa utumbo, kumchanja na kumpaka chumvi na ndimu ni kama dakika 10. Sato wa nusu kilo anakaa kwenye mafuta dakika 10 hadi 12, akigeuzwa mara moja. Ongeza foleni ya jikoni, unapata dakika 25 hadi 30. Wa kuchoma anafika hata 40. Aliyekufikia kwa dakika tano alikaangwa mapema, kisha akachovywa tena kwenye mafuta ulipoagiza.

Mfungue mgongoni, pale nyama ilipo nene. Aliyekaangwa sasa hivi anatoa mvuke kutoka kwenye uti, nyama inabanduka kwa mapande meupe yenye unyevu na mfupa unabaki safi. Aliyepashwa ni moto juu, vuguvugu ndani, na nyama yake inachambuka nyuzinyuzi.

Kupasha si kosa lenyewe. Shida ni saa alizokaa akikusubiri. Chakula kilichopikwa kikibaki kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 kwa zaidi ya saa mbili, bakteria wanapata nafasi ya kuzaana, na baadhi huacha sumu ambayo moto wa pili hauiondoi. Kabati la kioo lenye balbu, lile la kupangia samaki mlangoni, mara nyingi ni la vuguvugu tu. Linapendeza kwa macho, lakini si mahali pa samaki kushinda.

Dawa ni kumwona kabla hajaingia motoni. Sema tu, "Dada, naomba nimwone samaki kwanza." Mgahawa wenye samaki wazuri huwa unafurahia ombi hilo. Jicho liwe angavu na limetokeza, si jeupe lililodidimia. Funua shavu: matamvua yawe mekundu, yasiwe ya kahawia wala yenye ute mzito. Bonyeza ubavu kwa kidole; nyama irudi mara moja. Tumbo lisiwe laini wala lililopasuka. Harufu iwe ya ziwa, basi. Aliyetoka friza anaweza kuwa na jicho lenye ukungu na bado akafaa, mradi aligandishwa akiwa mbichi na akayeyushwa mara moja tu. Aliyegandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa utamjua kwa nyama yake: shimo la kidole linabaki hapo hapo.

SWALI: Shikamooni. Mimi na wenzangu wa chuo tulikula sato wa kuchemsha. Alikuwa mbichi kabisa, tulimwona mzima mzima, lakini alikuwa na ladha ya tope, na karibu na tumbo alikuwa mchungu. Kosa ni la nani? *Mwanafunzi, Mkolani*

JIBU: Marahaba. Hapo kuna makosa mawili tofauti.

Ladha ya tope inaanzia majini. Vijidudu na mwani wa maji yaliyotulia hutoa kemikali inayoitwa jiosmini, na samaki anaivuta hadi kwenye mafuta yake. Wa bwawani wanaipata zaidi, na hata wa ziwani anayekaa kwenye ghuba iliyojaa mwani anaweza kuwa nayo. Samaki huyo si mbovu. Tindikali ndiyo inayoipunguza: ndimu, limau au siki, samaki akae nayo dakika 15 hadi 20 kabla ya kupikwa. Mpishi anayekamulia ndimu mchuzi ukiwa tayari mezani amechelewa. Hapo ndimu inaongeza uchachu tu, tope linabaki.

Uchungu wa tumboni ni kazi ya kisu. Nyongo ilipasuka wakati wa kutoa utumbo, na ikishagusa nyama haitoki kwa maji matupu. Ukiona doa la kijani au njano kwenye mbavu za ndani, ndiyo hiyo. Dawa yake ni kukata sehemu hiyo kabla ya kupika. Angalia pia utando mweusi unaofunika tumbo la sato kwa ndani. Haudhuru, ila mpishi makini huukwangua kwa sababu nao una ladha nzito. Ukimkuta sato wa mchemsho bado ana utando huo, jiko hilo lina haraka, na haraka hiyo huonekana kwenye mambo mengine pia: figili yenye mchanga, kachumbari iliyokatwa asubuhi ikaacha maji chini ya bakuli.

SWALI: Menyu ilisema "minofu ya sato". Nililetewa pande nene la nyama nyeupe, tamu kweli, lakini mwenzangu akadai ni sangara. Nani yuko sahihi? *Msomaji, Isamilo*

JIBU: Karibu hakika ni mwenzako. Sato hutoa minofu kama theluthi moja tu ya uzito wake, pande mbili kwa pamoja. Sato wa nusu kilo anakupa vipande viwili vya gramu 80 hivi kila kimoja, vyembamba, vyenye mstari mwekundu katikati. Pande moja la gramu 250 lingehitaji sato wa kilo moja na nusu. Sangara ana pande nene, mafuta mengi zaidi, na nyama inayoachana kwa matabaka makubwa. Ni samaki mzuri kabisa, hana sababu ya kufichwa chini ya jina la mwenzake. Ulilipia sato, una haki ya kuuliza.

SWALI: Tulikuwa wanane baada ya kipaimara cha mtoto. Tulisubiri dakika arobaini, ndipo tukaambiwa sato wakubwa wameisha. Tukaletewa wadogo, mmoja ameungua nje na ndani ana damu. Na bili ikazidi tulichotarajia. Tungefanyaje? *Mama wa watoto watatu, Buswelu*

JIBU: Pole sana mama. Kuishiwa si dhambi. Kukujulisha baada ya dakika arobaini ndiyo huduma mbaya. Mhudumu anayejua kazi yake anapita jikoni kabla ya kuja mezani, na anakwambia kilichopo. Sisi tunampima kwa hilo kuliko tabasamu. Jambo la pili tunaloangalia ni maji ya kunawa: ya uvuguvugu, yanamiminwa mikononi kwa jagi, na sabuni ipo. Beseni moja la kuchovya watu wanane halifai.

Kwa watu wanane, piga simu asubuhi. Hesabu kilo moja ya samaki mzima kwa watu wawili, kwa hiyo sato wanne wa kilo moja moja. Taja idadi, ukubwa, namna ya kupikwa na saa ya kula. Sato akiwa mfupi kuliko sentimita 25 mkatae moja kwa moja, kwa sababu hajafikia kipimo kinachoruhusiwa kuvuliwa, na hata nyama yake haishibishi.

Aliyeungua nje na kubaki mbichi kwenye mfupa alikaangwa kwenye mafuta makali mno, au hakuchanjwa, au aliingia karaini barafu ikiwa bado katikati. Chanjo tatu kila ubavu, zinazofika mfupani, ndizo zinazopeleka moto ndani. Usile nusu ndipo ulalamike. Mwite mhudumu mapema, mwonyeshe ile nyama ya waridi inayong'aa kwenye uti, uombe samaki arudishwe motoni dakika nne au tano, moto wa wastani. Usimfokee dada wa watu, hakupika yeye. Akishindwa, omba kuonana na meneja.

Kuhusu bili: bei ya sato hutegemea ukubwa, na "kuanzia" kwenye menyu ni bei ya mdogo kabisa. Uliza mkiwa mmesimama mbele ya samaki: huyu shilingi ngapi? Ugali na kachumbari vimo? Kodi ya VAT imo ndani ya bei au inaongezwa? Kisha dai risiti ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Karatasi ya kuandikwa kwa kalamu haitoshi.

SWALI: Dagaa wa mgahawani wana mchanga, na wiki nyingine hawapatikani wabichi kabisa. Kwa nini? *Msomaji, Igoma*

JIBU: Mchanga ni wa kuanikwa chini. Waliokaushwa kwenye vichanja ni safi, na wapishi wanaojali huulizia hao kwenye soko la samaki la Mwaloni hata kama bei iko juu. Wale wa mchangani wanahitaji kutolewa vichwa na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne, dagaa wakitolewa majini kwa mikono. Ukimwaga maji pamoja na dagaa, mchanga uliotuama unawarudia.

Ubichi unafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti, hivyo mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Ukitaka dagaa wabichi wa kukaanga, nenda siku za giza.