Usimtoe shule huyo mtoto!

Dada wa Makorora, nimesoma ulivyoandika kwamba binti yako wa miaka 12 magoti na mgongo vinamuuma tangu Ramadhani, vipimo vyote safi, na sasa unataka kumtoa shule muhula mzima alale apumzike. Nakuomba usifanye. Ushauri huo huo sisi hapa Ngamiani, Tanga, tumeshaulipia.

Wetu alikuwa kidato cha pili. Kuna bwana mmoja anajiita mtaalamu wa viungo, mtaa mzima unamwamini, akatuambia mtoto asinyanyue hata ndoo, asipande baiskeli, alale tu mpaka maumivu yaishe, eti kila akijitikisa anachubua mifupa. Mifupa inachubuka vipi kwa kutembea?! Mpaka leo nikimwona nachemka. Basi mtoto akalala. Mchana kutwa usingizi, usiku macho makavu, na asiyelala usiku maumivu yanamzidi. Misuli isipotumika inanyauka, viungo vinakaza, sasa ukimnyanyua kidogo anaumia kuliko mwanzo, na wewe unaona kumbe kweli hajapumzika vya kutosha, unamrudisha kitandani. Soksi za shule zikawa zinaporomoka zenyewe, mguu hauna nyama ya kuzishika. Rafiki zake wakaacha kuja. Ikafika mahali hata kulia halii tena, anatazama ukuta tu, hilo liliniuma kuliko yote.

Aliyetutoa huko ni dada mmoja wa mazoezi ya viungo hospitali. Akatueleza maumivu yakikaa muda mrefu si lazima kuna kitu kinaharibika ndani, mishipa ya fahamu inaweza kuendelea kupiga kelele hata kama jeraha halipo, na mtoto anaumwa kweli, hajifanyi. Akatupa sheria moja nami nimeishikilia: kiasi kile kile kila siku, siku nzuri na siku mbaya. Tulianza na baiskeli, toka mlangoni hadi barabara ya 8 na kurudi, basi. Siku anajisikia vizuri anataka kufika Raskazone, HAPANA, akizidisha kesho hainuki. Siku mbaya anaenda hivyo hivyo, polepole, ila anaenda. Mkiona mambo yametulia mnaongeza kidogo. Na acha kumuuliza kila saa "bado inauma?", muulize leo kasoma nini.

Ila kama kiungo kimevimba au kina joto, au asubuhi anaamka amekakamaa, ana homa, anachechemea, anakonda, rudini hospitali ya Bombo hata kama mliambiwa safi, maana baridi yabisi si ya wazee peke yao, watoto nao wanaipata. Na kama hajapimwa sikoseli apimwe.

Jumatatu mvalishe yunifomu aende hata vipindi viwili, na umwone mwalimu wake wa darasa amruhusu kusimama na kujinyoosha katikati ya kipindi bila kuomba kila mara. Hayo uliyouliza ya godoro na dawa ya kuchua wengine watakujibu.