Michoro ya Mzee: msiuze kwanza

Dada, umesema baba yenu amekusanya michoro ya kisasa tangu ujana, nyumba ya Entebbe imejaa, ndugu zako wanataka kuuza, naye anataka watu waione. Msiuze kwanza. Maadamu Mzee bado anakumbuka, kaeni naye mmrekodi kwa simu: nani alichora, alinunua wapi, lini. Mchoro usiojulikana ulikotoka bei yake hushuka, na wanunuzi wa haraka wanalijua hilo vizuri. Upigeni picha kila mmoja mbele na nyuma, maana nyuma ndiko mara nyingi kuna tarehe na vibandiko vya maonyesho.

Unyevu wa ziwani huleta kuvu. Iondoeni michoro kwenye jua la dirishani, na msiifute kwa kitambaa chenye maji, hata shangazi akisisitiza.

Kuhusu kuonyesha, nendeni Chuo Kikuu cha Makerere, ambako Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa miaka ya 1930, au jumba la sanaa la Nommo pale Nakasero, Kampala. Waulizeni kama watakubali kuazimwa, si kupewa: kwa maandishi, yenye muda na jina la Mzee. Ndugu wakizidi kubisha, kila mmoja achague mchoro wake mmoja. Kelele zitapungua.