Rupia 12,000 za Mahé au shilingi 45,000 za Nairobi?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu waliopata, au walioahidiwa, kazi Ushelisheli. Tumechagua saba. Zinazofanana tumezijibu kwa pamoja.

Mimi ni mpishi, nakaa Kayole na mke na watoto wawili. Hapa nalipwa shilingi 45,000 kwa mwezi. Ajenti ameniletea kazi ya hoteli kisiwani Mahé, rupia 12,000 kwa mwezi. Mke wangu anasema niende, mamangu anasema visiwani nitapotea. Nyinyi mnaonaje? (Mpishi, Kayole)

Kaka, la kupotea mtoe mama wasiwasi: ndege kutoka Nairobi huchukua kama saa tatu. Hesabu ndiyo itakayokusumbua. Kwa viwango vya karibuni rupia moja ni kama shilingi 9, kwa hiyo rupia 12,000 ni kama shilingi 108,000. Hivyo ndivyo ajenti alivyokupigia, na hakudanganya. Ila aliishia njiani.

Ukikusanya visiwa vyote vya Ushelisheli, zaidi ya mia moja, ardhi yake ni kama kilomita za mraba 455. Kaunti ya Nairobi peke yake ni 696. Watu wao ni laki moja hivi. Nairobi ilihesabiwa watu milioni 4.4 mwaka wa 2019. Utadhani basi nafasi ni tele, lakini sivyo. Mahé, wanakoishi wengi, ina urefu wa kilomita kama 27, na katikati umepita mgongo wa milima ya mawe unaofika mita 905 kwenye kilele cha Morne Seychellois. Pa kujenga ni ukanda mwembamba wa pwani, pamoja na ardhi iliyofukiwa baharini kama Perseverance. Kodi ya nyumba inapanda kwa sababu hiyo. Kayole ikikushinda unahamia Ruai au Kitengela, unaongeza nauli, maisha yanaendelea. Mahé haina Kitengela.

Chakula nacho ni hivyo hivyo. Mchele, vitunguu, viazi, maziwa na mafuta ya kupikia, sehemu kubwa huja kwa meli. Meli ikichelewa, vitunguu huadimika karibu kila duka kwa wakati mmoja, maana wote walikuwa wakiingoja meli ile ile. Nairobi barabara ya Nyandarua ikiharibika kwa matope, viazi vya Molo bado vinafika Marikiti. Na kule hakuna jamaa wa ushago wa kukupakilia gunia kwenye basi.

Vya bei nafuu vipo, ila lazima ule wanavyokula wenyeji. Cha kwanza samaki: utawakuta kando ya barabara wametungwa kwenye kamba, fungu moja likitosha kitoweo cha nyumba nzima. Cha pili ni shelisheli, lile tunda la kuchemsha au kukaanga ambalo Waswahili wa pwani wamelipa jina la visiwa vyenyewe. Dengu na wali ni chakula cha kila siku. Ugali si chakula chao, kwa hiyo usipange bajeti ukitegemea kukuta unga kila duka.

Sasa chukua mkataba, usome mambo manne kabla ya kuangalia mshahara.

Nyumba. Wameandika "nyumba" au "posho ya nyumba"? Ikiwa ni posho, mwambie mwajiri akutajie chumba kinachopatikana leo kwa pesa hizo na kiko mtaa gani. Ikiwa ni nyumba, uliza mtalala wangapi chumbani, nani analipa stima na maji, na ni umbali gani hadi kazini. Hoteli ikiwa kwenye kisiwa chake peke yake, jua kwamba duka ni la mwajiri na boti ni ya mwajiri; uliza siku ya mapumziko boti inatoka saa ngapi na nauli ni ya nani.

Chakula. Mpishi hula kazini, lakini siku za mapumziko je?

Tiketi. Iwe ya kwenda na kurudi, na iandikwe wazi nani atailipa mkataba ukivunjika katikati. Watu hukwama hapa kuliko mahali pengine popote. Kutoka Mombasa unaweza kupanda basi la usiku hata ukiwa umefilisika, lakini Mahé hutoki bila ndege.

Kodi ya mapato. Uliza kama 12,000 ni kabla ya makato au baada. Hesabu ya mgeni si sawa na ya raia, kwa hiyo usijipime kwa hati ya mshahara ya rafiki Mshelisheli.

Maoni yetu: nyumba, chakula cha zamu na tiketi ya kurudi vikiwa kwenye maandishi, nenda. Nyumba ikikosekana, rudi ukajadiliane, na wakikataa baki Kayole. Familia inabaki hapa, kodi ya hapa haisimami, na wewe utakuwa unalipa nyingine kule. Mshahara mmoja hauwezi kubeba nyumba mbili, moja yake ikiwa ya Mahé.

Ajenti anasema niingie kama mtalii, kibali cha kazi kitashughulikiwa nikishafika. Nimeshampa nusu ya ada. (Dada wa Umoja)

Usisafiri, dada. Ni kweli kwamba Mkenya huingia Ushelisheli bila viza, na hapo ndipo matapeli hujificha. Unachopewa uwanjani ni ruhusa ya mgeni, na kufanya kazi ukiwa nayo ni kosa. Ukikamatwa unarudishwa nyumbani, na ada uliyolipa hairudi.

Utaratibu ni huu. Mwajiri ndiye anayekuombea kibali cha kazi, wewe ukiwa bado Nairobi. Kibali kikitoka, kinakuwa na jina lako, jina la mwajiri na kazi uliyoajiriwa kufanya. Huwezi kuingia kama mhudumu wa mezani kisha ukahamia hoteli ya jirani kwa sababu inalipa zaidi. Ombi linaanza upya. Mfanyakazi wa Nairobi amezoea kuacha kazi Ijumaa na kuanza nyingine Jumatatu, na huko ndiko anakojikwaa. Ndiyo maana tunasisitiza mkataba: ukishapanda ndege, hilo ndilo karatasi pekee la kukutetea.

Kabla ya kulipa chochote zaidi, tazama kama ajenti yuko kwenye orodha ya mashirika yaliyosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Orodha iko mtandaoni, na leseni ina tarehe ya mwisho, isome. Kisha dai nakala ya kibali, si picha iliyokatwa nusu kwenye simu. Mwisho, tafuta nambari ya hoteli mwenyewe, usitumie aliyokupa ajenti, upige uulize kama nafasi hiyo ipo.

Mengine ni ya kawaida: pasipoti yenye muda wa kutosha, cheti cha mwenendo mwema, vipimo vya afya, na idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni kabla ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano watu huiacha dakika ya mwisho. Msafiri kutoka Kenya huulizwa kadi hiyo, na chanjo huhesabiwa halali baada ya siku 10. Ukidungwa Jumatatu kwa ndege ya Ijumaa, kadi yako bado haijaanza kufanya kazi.

Nitatumaje pesa nyumbani? M-Pesa iko? (Wawili wameuliza, Githurai na Rongai)

Kule watu hawaishi kwa M-Pesa. Utatuma kupitia benki au kampuni za kutuma fedha, na kila muamala una ada yake, kwa hiyo kutuma mara moja kwa mwezi ni nafuu kuliko kutuma kidogo kidogo kila wiki kama mlivyozoea hapa.

Laini yenu ya Kenya msiitupe. Benki itaendelea kutuma nambari za siri huko, na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kuuziwa mtu mwingine. Washeni huduma ya kutumia laini nje ya nchi mkiwa bado Nairobi, kisha muijaribu. Na msirudi na bunda la rupia: maduka ya kubadilisha fedha jijini hayazipendi. Zigeuzeni dola au yuro kabla ya kuondoka.

Nasikia mvua hunyesha kule kuliko Kericho, lakini kiangazi maji hukatwa. Inawezekanaje? (Mwalimu, Dagoretti)

Mwalimu, swali zuri, na jibu liko kwenye jiwe. Mahé hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya maradufu ya Nairobi. Lakini kisiwa ni mwamba wa matale, yaani graniti, wenye miteremko mikali. Maji yakianguka mlimani, baada ya muda mfupi yako baharini. Udongo mzito wa kuyafyonza hakuna, na bonde pana la kujenga bwawa kubwa hakuna. Bwawa lao kubwa, La Gogue, hata baada ya ukuta wake kuinuliwa halifiki mita za ujazo milioni 2. Ndakaini, linalotilia Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, lina nafasi ya milioni 70.

Kwa hiyo kisiwa huishi kwa maji ya wiki chache zilizopita. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, mvua ni nyingi. Kusi ikiingia, Mei hadi Oktoba, hewa hukauka kidogo, vijito hupungua, na mgao huanza. Hapo mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari husaidia, ila inakula stima, na stima ya kule kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mafuta yaliyoletwa kwa meli. Yaani hata maji ya bomba yana harufu ya bandari ndani yake.

Mgao wa Nairobi ni ugonjwa mwingine. Hapa watu wamezidi mabomba, na ratiba ya mtaa wako haijali sana kama jana ilinyesha. Kule mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, mgao huweza kuondolewa. Ukipata nyumba, tafuta tangi kabla ya kutazama rangi ya ukuta.

Nibebe nini, niache nini? (Fundi wa stima, Kariobangi)

Vifaa vyako vya stima beba bila hofu: volti ni 240 na plagi ni ile ya pini tatu bapa, kama hapa. Magari pia hupita kushoto.

Adui ni unyevu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, usiku unajifunika blanketi. Mahé usiku haishuki sana chini ya nyuzi 24, na hewa imejaa chumvi. Funga viatu vya ngozi kabatini wiki mbili, ukifungua utakuta vimeota manyoya meupe ya kuvu, kuanzia kwenye mishono na penye jasho la vidole. Mkanda utafuata, kisha kola ya koti. Dawa si kupaka rangi juu yake: futa kwa kitambaa chenye siki kidogo, anika kivulini penye upepo, kisha acha mlango wa kabati wazi. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vitie kwenye mfuko wa zana. Koleo na bisibisi zipake mafuta mepesi kila wiki, la sivyo bawaba zitashika kutu. Vyeti vyako weka kwenye plastiki, na nakala ziwe pia kwenye barua pepe.

Usibebe mbegu za sukuma, matunda, nyama wala asali bila kibali. Kisiwa hakina jirani wa kumwazima mazao wadudu wakiingia, na ukaguzi wao uwanjani ni mkali. Chakula chochote ulicho nacho, kitangaze.

Malaria haijakita mizizi huko, lakini homa ya dengi huzuka. Mbu wake huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi. Mwaga maji yaliyotuama kwenye vyungu na matairi.

Nitakuwa zamu ya jioni hotelini. Usafiri wa usiku ukoje? (Mama wa Pipeline)

Mama, sahau matatu. Kuna mabasi ya shirika la serikali, yenye njia na saa zake, na jioni huanza kupungua. Hakuna kondakta atakayekuita "mmoja tu, twende", na gari halingoji lijae. Teksi ipo, ila ukiipanda kila usiku itakula mshahara. Praslin, kisiwa cha pili kwa wingi wa watu, kina mabasi pia. Kisiwani La Digue watu wengi huendesha baiskeli.

Zamu ikiisha saa tano usiku, gari la mwajiri ndilo tegemeo lako. Muulize linaondoka saa ngapi, linashusha wapi, na likiharibika nani atalipa teksi. Jibu likija kwa mdomo, mwambie aliandike chini ya kile kipengele cha nyumba.