Tabora hadi Kaliua kwa baiskeli: panga siku kwa jua, si kwa kilomita

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama mtu wa kawaida, asiye mwanamichezo, anaweza kuondoka Tabora mjini asubuhi na kulala Kaliua siku hiyo hiyo kwa baiskeli, akiwa njiani kuelekea Kigoma. Anaweza. Njia ni ya lami na umbali ni kama kilomita 120, yaani 42 hadi Ndono, 52 kutoka Ndono hadi Urambo, na 28 za mwisho. Milima ya kutisha hakuna; ardhi ya Unyamwezi hupanda na kushuka taratibu, na kila unapoteremka unakuta mbuga yenye majaruba ya mpunga, kisha unapanda tena kuingia msituni. Kinachowashinda wengi ni jua, nami naona waliokujibu kabla yangu kwa kugawa kilomita kwa saa hawakulipa jua nafasi yake.

Umesema unatoka Dar es Salaam. Kumbuka basi kwamba saa yetu ni moja nchi nzima, lakini jua halichomozi kwa wakati mmoja: Kigoma hulipata karibu dakika 40 baada ya Dar, na Tabora iko kati ya hapo. Mwezi wa Juni au Julai, Tabora huanza kuona vizuri karibu saa 12 na nusu asubuhi, na jua lenyewe hutokeza saa moja ikikaribia. Kwa sababu hiyo hiyo, ukali wa mchana nao huchelewa, ukawa mkubwa kati ya saa nane na saa kumi. Mwendesha baiskeli anayepumzika saa sita na kurudi barabarani saa nane amepumzika wakati wa kutembea na anatembea wakati wa kupumzika.

Utaratibu ninaoufuata, kwa kuwa nimepita njia hiyo mara kadhaa, ni kuondoka mara tu ninapoweza kuuona ukingo wa lami bila taa. Asubuhi unaelekea magharibi, kwa hiyo jua liko mgongoni, na wakati wa kiangazi upepo nao kwa kawaida hutoka mashariki au kusini mashariki, jambo ambalo wenzetu wanaotoka Kigoma kuja Tabora hulijutia siku nzima. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ambao baiskeli ya kawaida yenye mzigo kwenye keria inaumudu, utafika Ndono kabla ya saa nne. Hapo kunywa chai, jaza maji, usikae. Ukifika Usoke, kati ya Ndono na Urambo, simama kidogo tu kwa namna hiyo hiyo, kisha hakikisha umeingia Urambo saa saba au muda mfupi baadaye. Hapo utakuwa umemaliza kilomita 94 kabla ya joto kufika kileleni. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya pwani na Ujiji katika karne ya 19 waliondoka alfajiri na kutua mizigo mchana, na sijaona sababu ya kujifanya tunajua zaidi yao.

Urambo ndipo pa kula chakula kamili na kulala kivulini. Ukiwa mpenzi wa historia, ujue kwamba uko kwenye ardhi ya Mtemi Mirambo, na kwamba hapo palikuwa mojawapo ya maeneo matatu ya mradi wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Karanga zilishindikana, tumbaku ikashika nafasi, na hadi leo utayaona mabani ya kuikaushia kando ya njia.

Ondoka tena saa tisa na nusu ili uingie Kaliua kabla ya saa 12 jioni. Sisisitizi muda huu kwa ajili ya giza. Jioni jua linakuwa usoni pako, lakini linakuwa pia usoni pa dereva anayekuja nyuma yako, na dereva huyo, hasa wa lori lililojaa tumbaku wakati wa masoko, hakuoni hata ukivaa kizibao kinachong'aa. Ukisikia lori nyuma yako saa hiyo, shuka kwenye changarawe bila kusubiri honi. Iwapo saa nane imekukuta hujafika Urambo, lala Urambo, na hizo kilomita 28 zitakuwa matembezi ya asubuhi inayofuata.

Kuhusu maji, beba lita tano, kwa kuwa kiangazi pampu nyingine za vijijini hutoa maji kwa shida na kina mama wanakuwa wamepanga foleni ya madumu. Si heshima mgeni kupenya mbele. Chakula cha njiani kizuri kuliko biskuti ni matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), karanga na asali, vyote vinapatikana hapo hapo. Usivae nguo ya buluu wala nyeusi, kwani mbung'o huvutwa na rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo, nao huandama kitu chochote kinachotembea.

Baiskeli yenyewe isikuumize kichwa. Gia zitakusaidia, lakini ukiwa na tyubu zenye vali nyembamba za baiskeli za mashindano, beba pampu yako, kwa sababu pampu ya fundi wa kijijini haitaingia. Mwenye Phoenix ya inchi 28 atapata tairi, tyubu na spoku karibu kila senta, mimi humwonea wivu. Solusheni na viraka beba kwa vyovyote. Miiba ya mbugani haichagui.

Kutoka Kaliua kwenda Usinge na Malagarasi utaratibu huu haufai kama ulivyo. Vijiji vinaachana zaidi, mbung'o huongezeka kadiri unavyolikaribia bonde la Malagarasi, na maji ya kubeba ni karibu mara mbili. Tuambie kwanza umepanga kusafiri mwezi gani, nami nitakueleza hatua hiyo, maana hiyo ya Julai na hiyo ya Machi ni safari mbili tofauti.