Urembo wa Noeli hauanzi Desemba

Wiki hii nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu. Watoto wake wako kwenye likizo kubwa, wanashinda nyumbani, na wameona picha za pango la Noeli, lile la kuonyesha kuzaliwa kwa Yesu, nililotengenezea shirika letu la kanisani mwaka uliopita. Tangu waone picha hizo hawampi nafasi ya kupumua: wanataka na wao la kwao. Mfukoni hana kitu. "Mama, nianzie wapi?" ndivyo alivyoniuliza. Nimeona nimjibu hapa, maana wengi wetu tunataka sebule zetu zipendeze siku ile, na wengi tumekwisha kudharauliwa kwa ajili ya sebule hizo hizo.

Mimi nimedharauliwa. Miaka ya nyuma mwenye duka mmoja wa hapa Bukavu aliniomba nimpambie dirisha lake la mbele. Nikapeleka nyota za vizibo vya bia, taji la vipande vya vitenge, na pango dogo la magome ya migomba lililonichukua usiku mwingi. Akalishika lile pango kwa ncha za vidole, akalizungusha, akasema mbele ya wateja wake kwamba vile ni vitu vya watoto wa kijijini, yeye anataka vitu vya kweli. Kesho yake nikapita, nikakuta mti wa plastiki umesimama pale pale. Nilikuwa nimekwisha kununua waya na rangi kwa pesa zangu, wala hakunirudishia hata franka moja. Jambo hili linaniuma mpaka leo, sitaki kuwaficha.

Pango la Noeli iliyopita lilitoka kwenye magome ya aina ile ile, kwa mikono hii hii. Padri alipoliona akaomba libaki karibu na altare mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana. Watu walikuwa wanasukumana kupiga picha. Wamama wa Nguba, wale wenye nyumba nzuri za kando ya ziwa, walinifuata mlangoni baada ya misa kuniuliza bei. Nawaambia haya kwa fahari kabisa, kwa sababu nimeitolea jasho.

Kazi hii ilinifikia kwa mama mzaa mama. Mwaka 1974, wakati nchi yetu ya Kongo ikiitwa Zaïre, utawala wa Mobutu uliiondoa Noeli kwenye siku za mapumziko, tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama nyingine. Yeye alikuwa akitusimulia kwamba mume wake aliondoka asubuhi kwenda kazini, na jioni aliporudi akakuta watoto wamekaa mbele ya pango la udongo na majani, wanaimba kwa sauti ya chini. Hakuna duka lililomuuzia kitu. Alichota udongo nyuma ya nyumba na kukata majani shambani. Sasa nikisikia mtu anasema mwaka huu hakuna Noeli kwa sababu hakuna pesa, namkumbuka mama huyo na mikono yake.

Basi tuje kwenye magome. Mgomba huzaa mkungu mmoja tu, ukishakatwa shina linabaki halina kazi. Ukipita mashambani Kabare wakati huu wa kiangazi utaona magome ya nje yamekauka yenyewe, yananing'inia kwenye shina. Hayo ndiyo unayoyataka, na ndiyo sababu nasema urembo wa Noeli unaanza Julai na Agosti. Desemba mvua inanyesha kila siku, gome unaloliokota limelowa, na ukilitumia hivyo hivyo baada ya wiki mbili utaona ukungu mweupe umemfunika Yosefu mpaka kichwani. Waombe wamama wanaoleta ndizi sokoni wakukusanyie. Wengi wao wanayaacha shambani yaoze, watakupa kwa pesa kidogo au bure kabisa.

Ukifika nayo nyumbani, yatenge kwa rangi. Gome la nje kabisa ni jeusi karibu na kahawa, linafaa kuta za pango na ng'ombe. La katikati lina rangi ya asali. La ndani ni jeupe-jeupe, laini, linang'aa kidogo ukiligeuza kwenye mwanga, na hilo namwekea Maria peke yake. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji, maana likiwa kavu sana linapasuka ukilikunja. Likwangue upande wa ndani kwa mgongo wa kisu, ulikandamize chini ya godoro usiku mmoja, asubuhi litakuwa limenyooka na mkasi utapita bila shida. Miili ya watu natumia magunzi ya mahindi, nayazungushia vipande vyembamba kuanzia chini kwenda juu, kila kipande kikilalia nusu ya kile cha chini yake. Kichwa nakitengeneza kwa nyuzi za mgomba, nazizungusha mpaka zishikane kama kidonge cha bugali. Sura siweki. Watoto wengine wanataka macho na mdomo, waachieni.

Gundi msinunue. Unga wa muhogo ule ule wa kupikia, vijiko viwili kwa kikombe kimoja cha maji baridi, koroga kwanza mpaka madonge yaishe, halafu weka kwenye moto mdogo bila kuacha kukoroga mpaka igeuke na kuanza kung'aa. Tia kijiko cha siki ili isichache haraka. Inashika karatasi, inashika kitenge, inashika gome.

Nyota za vizibo ni kazi ya watoto wa kiume wenye nguvu za kupoteza: wapondeponde kizibo kwa jiwe mpaka kilale, watoboe kwa msumari, wapitishe waya. Mzazi awe karibu, kingo zinakata. Taji la Majilio, zile wiki za kungojea Noeli, ni duara la waya na vipande vya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, vifungwe kwa kubanana. Tafuteni zambarau, na kipande kimoja cha waridi kwa ajili ya Jumapili ya tatu.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye jambo la mishumaa, hapa sina mchezo. Gome kavu la mgomba linawaka haraka sana. Umeme ukikatika usiku wa tarehe 24, mkono wa kwanza unakimbilia mshumaa, na mtoto atataka kuuweka ndani ya pango ili Yesu aonekane. Mji wetu umebanana, nyumba za mbao zinashikana ukuta kwa ukuta juu ya milima hii, na kila mtu anayeishi Bukavu ameona kartie, mtaa mzima, ikiungua. Mshumaa ukae mbali, juu ya sahani, na mtu mzima akiwa macho. Kwenye pango wekeni taa ndogo ya jua, hata ile ya kuchajia simu. Mzazi anayewasha moto karibu na majani makavu halafu akaenda kulala anahatarisha watoto wake na watoto wa jirani, na kazi yote ya mikono yao.

Na acheni kuwaomba radhi wageni. Nimesikia wamama wakisema "samahani, mwaka huu tumepamba hivi hivi tu" huku mtoto aliyekata zile nyota amesimama pale pale anasikia. Fransisko wa Asizi alipoandaa pango lake kule Greccio mwaka 1223 alitumia nyasi kavu na ng'ombe na punda wa watu wa hapo. Msiwafundishe watoto kuionea haya kazi ya mikono yao.

Mama wa Kadutu, wiki hii kusanya magome tu, usikate kitu. Yaweke kwenye gunia, usitumie mfuko wa plastiki kwa sababu yatatoka jasho, na ulitundike karibu na paa mahali panya hawafiki. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo anza kukata na kukunja Oktoba, watoto wakitoka shule. Ukikwama kwenye gundi niandikie. Lakini magome yapate kabla ya mvua za Septemba.