Kubadili beringi za rili: osha kwanza

Mkuu, umeuliza kama ununue beringi za seramiki kwa rili yako ya kuvulia samaki, Ambassadeur 6500, kwa sababu inakoroma ukirusha na chambo hakifiki mbali. Usitoe hela bado. Mara nyingi hapo tatizo ni chumvi na grisi iliyoganda.

Fungua kifuniko cha pembeni, toa beringi mbili za spuli (kile kigurudumu kinachozungushiwa mshipi), ziloweke kwenye petroli safi (mbali na moto, tafadhali), tikisa, kisha ziache zikauke kabisa. Chomeka moja kwenye ncha ya penseli uizungushe kwa kidole. Ikizunguka laini, tia tone moja tu la oili nyepesi, urudishe. Grisi usiweke hapo, itaibana spuli. Ikikwaruza hata baada ya kuoshwa, hiyo imekwisha, badilisha.

Saizi ni 3x10x4 mm, na za chuma cha pua zinatosha. Za seramiki, gololi za ndani tu ndizo za seramiki. Pete zake kwa kawaida bado ni chuma, kwa hiyo maji ya bahari yatazila vilevile. Tena zina kelele zaidi, na spuli ikikimbia sana bila kidole gumba kuidhibiti, utashinda unafungua mafundo ya mshipi badala ya kuvua.

Na yule aliyekwambia ubadilishe pia kwenye rili yako ya spining, mpuuze. Ile spuli haizunguki unaporusha, beringi zitaongezaje umbali? Huko weka mshipi mwembamba zaidi na ujaze spuli vizuri.