Tarantula mdogo apewe nyenje wa ukubwa gani?

Mkuu, umeuliza kama tarantula wako, yaani buibui wako mwenye manyoya, mwenye upana wa miguu wa sentimita 4 anaweza kupewa nyenje wakubwa, maana dukani walikuwa wamebaki hao tu. Nyenje akiwa hai, hapana. Nyenje akiwa amekufa, mpe bila wasiwasi.

Wengi wanapima kwa miguu, na hapo ndipo wanapokosea. Angalia kiwiliwili, kuanzia kichwani mpaka mwisho wa tumbo. Buibui wa ukubwa huo ana kiwiliwili cha kama sentimita 1.5 hivi, wakati nyenje wa dukani aliyekomaa hufika karibu sentimita 2, tena ana taya za kutafuna na miguu ya nyuma yenye nguvu. Wafugaji wengi wanaruhusu windo linalolingana na kiwiliwili kizima. Mimi huishia kwenye urefu wa tumbo peke yake, hasa kwa wadogo.

Nafuga huku Ujerumani, na niwapendao zaidi ni wa kwetu Afrika Mashariki. Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya chungwa anayeitwa Usambara na wafugaji, hurukia karibu kila kinachotikisika, kwa hiyo uchu wake usiuchukue kama kipimo. Pelinobius muticus, mchimba mashimo wa Kenya na Tanzania, huvizia mlangoni mwa shimo lake. Akiziba mlango, mwache. Anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na asidhurike.

Kuhusu windo lililokufa: tarantula hamezi vipande. Humiminia windo maji ya kuliyeyusha huku akilipondaponda, kisha hunyonya. Ndiyo maana kitoto cha sentimita 1 kinaweza kula paja la nyenje lenye urefu kama wake. Naliweka jioni karibu na utando wake kwa kibanio, na asubuhi nakuta kidonge kikavu cha mabaki. Kitoe hicho, kisije kikaota ukungu.

Ila kuna wakati ambapo hata nyenje mdogo ni hatari, nao ni wakati wa kujivua ngozi. Buibui amelala chali, mwili ni laini, hawezi kujitetea, na nyenje mwenye njaa atamtafuna. Kwa hiyo windo hai lisiloliwa litoke ndani ya saa 24, na ukiona tumbo limekuwa jeusi na chakula kinakataliwa, usiweke kitu zaidi ya maji. Akishajivua, subiri apande kwenye kioo umchungulie kwa chini: meno huanza meupe, yakawa mekundu, mwisho meusi. Mpaka yawe meusi hapewi kitu. Kwa wadogo huchukua kama wiki moja, kwa wakubwa wiki mbili au zaidi.

Usimnenepeshe pia. Tumbo likizidi sana ukubwa wa kifua, akianguka hata kutoka sentimita chache linaweza kupasuka, na damu ikivuja miguu inashindwa kunyooka, kwa kuwa hunyoshwa kwa msukumo wa damu hiyo.

Hao nyenje ulionao usiwatupe. Wape karoti na pumba waendelee kuishi. Kila ukitaka kumlisha, ponda kichwa cha mmoja, kata mapaja, umpe paja moja, na jingine baada ya siku nne au tano kama tumbo bado ni dogo. Usimpe panzi wa shambani, huwezi kujua wamepita kwenye dawa gani.